Ufunguo Shingoni

Mimi ni fundi wa injini, na hasira nimezaliwa nazo, kwa hiyo nisikilizeni hivyo hivyo nilivyo. Naishi botini. Msifikirie boti ya fahari. Ni chombo cha mbao cha mita kumi na mbili, kina vyumba viwili chini, jiko la gesi, choo ambacho lazima ukipigie bomba mara saba ndipo kikubali kumeza, na injini ya dizeli iliyozaliwa kabla yangu. Nazunguka nayo miji midogo ya pwani. Nafika gatini, natundika kibao changu, watu wananiletea jenereta, mashine za barafu, injini za boti zao. Nikimaliza nang'oa nanga. Mume niliachana naye zamani na sijamkumbuka hata siku ya mvua.

Botini kwangu kuna mambo mawili ambayo kila mgeni anafundishwa kabla hajavua viatu. La kwanza, injini ile haitaki papara. Unageuza ufunguo nusu, unabonyeza kitufe chekundu na kukishikilia, unahesabu kwa sauti moja mpaka kumi ili ipate moto, ndipo unamalizia kugeuza ufunguo. Ukikatisha kuhesabu njiani itakohoa tu na kukudharau. La pili, mtu akishuka majini chini ya boti, ufunguo anauvaa shingoni. Hata kama anashuka dakika moja. Ufunguo ni mmoja, wa akiba uliliwa na bahari. Mzee aliyenifundisha kazi alibaki na vidole sita kwa sababu kuna mtu juu aliwasha injini ili asikilize redio.

Sasa, mama alinipigia simu.

"Mdogo wako yuko kwangu," alisema. "Mbavu mbili."

Alivyolitamka ungedhani anaagiza nyama buchani. Nikauliza mbavu mbili zimefanya nini, ingawa nilijua. Sisi kwa mama tuko wawili tu, mimi kifungua mimba na yeye kitinda mimba, na tangu utotoni tunamwita Kitinda. Ameolewa na msimamizi wa ghala la saruji, mwanamume wa viatu vya kung'aa na sauti ya upole. Miaka miwili alikuwa hamruhusu kuja kwangu.

"Mumewe amekuja kuomba radhi," mama akaendelea. "Amelia mbele yangu. Mkwe mzima analia, nifanyeje?"

"Mfukuze."

"Usianze. Nimewaza waje kwako wiki moja. Wapigwe na upepo, wazungumze, wapatane. Na mimi nitakuwepo."

"Mama, mimi si mshauri wa ndoa. Mimi ni fundi."

"Basi watengeneze," akasema, akakata simu.

Nilikubali kwa sababu nilitaka kumwona mdogo wangu. Hilo tu. Wangeniambia aje na shetani ningesema mleteni.

Walifika saa nne asubuhi. Msimamizi alitangulia na mkoba mdogo wa mkononi, Kitinda nyuma na mabegi matatu, na mbavu zake zile. Mama akaja mwisho, anaikagua boti yangu kwa jicho la mtu anayetafuta kunguni. Nikawapa wanandoa chumba changu cha mbele, mama nikampa cha pili, mimi nikajitandikia kwenye benchi pembeni ya usukani. Nikawafundisha choo. Nikawafundisha ufunguo na kuhesabu.

"Kuhesabu?" Msimamizi akacheka. "Shemeji, hii ni injini au ni mtoto wa chekechea?"

Tangu siku hiyo kila asubuhi akawa anahesabu pamoja nami, sauti juu kuliko yangu, anapiga makofi. Moja! Mbili! Tatu! Mama anaziba masikio. Kitinda alikuwa anasogeza midomo tu, bila sauti, macho kwenye kidole changu pale kwenye kitufe.

Mji wa kwanza una kiwanda cha barafu, na mashine yao ilikuwa imegoma. Kitinda akanifuata kunishikia tochi. Tukiwa wadogo ndiye aliyekuwa akifungua redio ya baba na kuirudisha bila kubakiza skrubu, kwa hiyo haikunishangaza alipoweka kidole mahali penye ufa kabla yangu. Wafanyakazi wakamtania: mwambie dada yako apumzike, fundi tumeshampata. Akacheka. Jamani, miaka miwili sikuwa nimekisikia kicheko kile, chenye kikwaruzo mwishoni. Nilipoinua kichwa, Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni, mikono mfukoni, anatabasamu.

Tulipofika gatini yeye na Kitinda wakatangulia chini, mimi nikabaki kukaza kamba. Nikasikia kishindo. Kisha kingine, pale pale. Nikaruka ngazi.

Kitinda alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye mwimo wa mlango, uso umejaa damu kuanzia puani hadi kidevuni. Kiganja kilikuwa wazi, ndani yake jino. Damu nyingine ilikuwa kwenye mbao za mwimo, usawa wa kichwa chake. Msimamizi alikuwa kwenye sinki langu ananawa mikono, kwa sabuni yangu.

"Amejikwaa, shemeji," alisema. "Boti yako inayumba."

Boti ilikuwa imefungwa kamba mbili na bahari imelala.

Nilinyoosha mkono nikashika kikaango, na mama akaniwahi, akaning'ang'ania kwa mikono yote miwili. "Usiingilie," akaninong'oneza. "Ukiingilia ataenda kumalizia nyumbani." Nikameza hasira. Nimejiuliza sana kwa nini nilimeza, na jibu ninalo: alikuwa mgeni wangu, analala kitandani pangu, anakula sahani yangu, na mama yangu alikuwa ananitazama. Upumbavu huo ndio tunaouita adabu.

Siku mbili baadaye tulitia nanga mbele ya mji wa pili. Asubuhi nilikuwa ndani ya shimo la injini nabadilisha oili, Kitinda amechuchumaa nami, taulo begani. Midomo ilikuwa bado imevimba. Alifuta chujio, akasema taratibu, "Dada, nataka kubaki."

"Baki."

"Mama je?"

"Mama ana kwake."

"Na yeye?"

Nilimwambia nilichokuwa nimekipanga tangu kile kishindo cha kwanza. Mji wa tatu una stendi ya mabasi, na ndipo matembezi yao yanapoishia. Msimamizi atashuka na mkoba wake. Kitinda atabaki botini amejifungia chumbani, mimi nitaachia kamba. Boti ikishaachana na gati hata mita tatu, hakuna mume anayeweza kuzivuka. Siku moja tu, nilimwambia, vumilia siku moja. Akatikisa kichwa kukubali, akainuka atoke, akashika ukingo wa shimo kwa mkono wa kushoto ajivute.

Yule mtu alikuwa amesimama juu yetu muda wote.

Kifuniko cha shimo la injini ni ubao mnene uliopigwa bati, mimi mwenyewe nakiinua kwa kugumia. Alikiachilia. Kisha akapanda juu yake. Nilisikia vidole vya mdogo wangu vinavunjika, nikiwa gizani, na nikamsikia yeye hata hakupiga kelele mara moja, alivuta pumzi kwanza. Kisha ukelele ukaja. Nilisukuma kifuniko kwa mgongo, kwa kichwa, nikatukana matusi ambayo sikujua kama ninayo. Na huyo juu anauliza kwa ile sauti yake ya upole:

"Unabaki wapi? Rudia, sikusikia vizuri. Unabaki wapi, mke wangu?"

Mama ndiye aliyejaribu kumtoa. Alimpiga mgongoni kwa ndoo mpaka mpini ukang'oka. Mkwe wake aligeuka, akamsukuma mama yangu, mwanamke wa miaka sabini, naye akaenda kugonga ukingo wa boti na kuanguka chali. Kisha Msimamizi akashuka kutoka kwenye kifuniko kwa hiari yake, akaketi, akafuta vumbi kwenye viatu.

Vidole viwili vya Kitinda vilikuwa vimekaa upande ambao vidole havikai. Nikavifunga kwa vijiti vya kukorogea rangi na utepe wa umeme. Mama alinishikia mkasi, na kwa mara ya kwanza hakusema neno la kupatana.

"Twende hospitali," akasema. "Mji gani una hospitali?"

"Wa tatu. Saa mbili kutoka hapa."

Niliivuta nanga kwa hasira, na haraka ikanifanya nitende kosa ambalo ningemfukuza kazi mtu kwa kulitenda: kamba ndefu ya gati niliiacha imelala ovyo kule nyuma, karibu na ukingo. Nikahesabu mpaka kumi. Hakuna aliyepiga makofi. Tukaondoka.

Tulikuwa katikati ya njia, upande mmoja bahari tupu, upande mwingine ukingo wa miamba unaotoa povu, Msimamizi alipokuja kwenye usukani.

"Geuza," alisema. "Tunarudi tulikotoka. Mke wangu hafiki mji huo."

"Toka mbele yangu."

"Shemeji, nakuheshimu. Geuza."

Chini ya benchi nina spana namba thelathini na mbili, ndefu kama mkono wa mtoto. Niliichukua, nikampiga nayo begani, na nawaambieni ukweli, nilikuwa nimelenga kichwa. Aliguna. Pigo la pili alilidaka, akaushika mkono wangu wa kulia, akauzungusha kwa nyuma mpaka ukasema tap. Kisha akanishika nywele, akanibamiza uso kwenye usukani. Mara ya kwanza niliona nyota. Mara ya pili nikaonja chuma na damu. Nikamng'ata mkono, akaniangusha na kunikanyaga tumboni kwa kile kiatu chake cha kung'aa, kisha akashika usukani yeye na kuukata wote upande mmoja, akaivuta gia nyuma, akaisukuma mbele, akafungulia mafuta mpaka mwisho. Boti ikainama ubavu. Kamba yangu ikateleza majini.

Injini ilitoa mkoromo mmoja na kuzima. Propela ilikuwa imeimeza kamba.

Baada ya hapo ukimya. Kisha tukausikia upepo, na miamba. Nilitambaa mbele, nikaitupa nanga kwa mkono wa kushoto. Ilishika, ikaachia, ikashika, ikaanza kuburura. Nikaangalia ile miamba nikapiga hesabu: nusu saa, ikizidi sana. Ilibidi mtu ashuke chini ya boti akakate kamba.

Mkono wangu ulikuwa unaning'inia. Kitinda ana vidole viwili kwenye vijiti. Mama anatapika ukingoni. Aliyetuvunja mikono mimi na mdogo wangu sasa ndiye peke yake aliyekuwa na mikono.

"Nipeni kisu," akasema, anavua shati na viatu, anajipiga kifua. "Wanaume ndio hawa mnaowasema vibaya."

Nikauchomoa ufunguo kwenye tundu, na uzi wake, nikamnyooshea. Msiniulize kwa nini. Sheria ni sheria, na nimeishika kwa walevi na kwa wezi.

"Vaa shingoni," nikamwambia.

"Mimi si mbwa wenu," alisema. Akanipokonya, akautupa sakafuni. Ukateleza mpaka miguuni kwa Kitinda. Akaweka kisu menoni na kushuka.

Tulimsikia chini yetu. Mara anapiga ubao, mara anaibuka kuvuta pumzi, vipande vya kamba vinaelea nyuma ya boti, kimoja, kingine. Anajua kuogelea, sitamnyima sifa hiyo. Aliibuka mara ya tano, akapaza sauti, "Kimebaki kimoja! Propela iko wazi!" Akazama tena.

Kitinda aliinama. Akaokota ufunguo kwa mkono wake mzima, akatembea hadi kwenye usukani. Gia ilikuwa pale pale alipoiacha mumewe, mbele. Injini yangu kongwe haijui kukataa kuwaka ikiwa kwenye gia. Kitinda alikuwa anajua hilo, nilimfundisha mwenyewe kwenye shimo la injini. Akaingiza ufunguo na kuugeuza nusu. Akaweka kidole kwenye kitufe chekundu.

"Moja," akasema.

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake.

"Mbili. Tatu."

Hakuwa analia. Alikuwa anahesabu vizuri, polepole, hivyo hivyo ninavyohesabu kila asubuhi. Chini ya miguu yangu nilisikia kisu kinakwaruza chuma.

"Nne. Tano."

Kusema "acha" ni neno moja. Nilikuwa na ulimi, nilikuwa na pumzi. Mwenye kuwafundisha watu ufunguo ni mimi, mwenye kisa cha mzee wa vidole sita ni mimi. Nikanyamaza. Nataka nilitamke wazi: nilinyamaza, na moyoni nilikuwa nahesabu naye.

"Sita."

Mama aliinua uso kutoka ukingoni, akajifuta mdomo. Akamwona binti yake, akaona kidole kilipo. Naye hakusema kitu.

"Saba. Nane."

Boti ikainuka na wimbi, ikashuka. Nanga ikaburura.

"Tisa."

Kisha hakukuwa na kitu. Nilingoja. Kidole cha Kitinda kilikuwa kimekuwa cheupe kwa kubonyeza. Alisimama hivyo, midomo yake iliyovimba imefunguka nusu, kisha akakiondoa kidole kwenye kitufe, taratibu, kana kwamba kimeungua. Ufunguo akauacha hapo hapo kwenye tundu.

Msimamizi aliibuka na kipande cha mwisho mkononi, anatema maji, anacheka. "Tayari! Mmekaa tu mnanitolea macho?" Akapanda, akasimama mbele yetu anatiririka maji, anangoja ashukuriwe.

"Nilihesabu mpaka tisa," Kitinda akamwambia.

"Nini?"

"Ulipokuwa chini. Nilihesabu mpaka tisa."

Aliutazama ufunguo. Akaitazama gia, iko mbele. Akakitazama kile kitufe alichokuwa akikipigia makofi kila asubuhi, na nikaona namna hesabu inavyomwingia kichwani, moja baada ya nyingine. Akanigeukia mimi. Akamgeukia mama, mama mkwe aliyekuwa amemlilia, na mama akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu waanze safari.

"Mimi nilizisikia kuanzia sita," mama akasema.

Mwanaume yule alikwenda kukaa mbele kabisa ya boti, mgongo kwa bahari na uso kwetu, magoti ameyakumbatia. Kisu alikiacha majini au wapi, sijui. Nikatoa gia, nikaikata kamba ya nanga, nanga ikabaki huko huko. Kitinda akahesabu, mara hii mpaka kumi, na injini ikawaka. Kwenye ile "tisa" nilimwona huyo kule mbele akishtuka mwili mzima.

Tulipofika mji wa tatu hakungoja kamba zifungwe. Aliruka, akaangukia magoti kwenye zege, akainuka, akaenda zake peku kuelekea stendi. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Viatu vyake ninavyo mpaka leo. Kimoja natilia nati na skrubu, na kinatosha vizuri.

Hospitali walinifunga plasta, Kitinda wakamnyoosha vidole upya, na hapo alipiga kelele kweli kweli. Mama alirudi kwake kwa basi la keshoye. Stendini alimshika Kitinda mashavu. Akanigeukia mimi. "Mwangalie mwenzio," akasema. Sikujua anamaanisha nani amwangalie nani.

Imepita miezi minne. Kitinda ana kibao chake pembeni ya changu, na kuna wateja wanaofika wanamuulizia yeye kwanza, washenzi hao. Kidole kimoja hakikunjiki sawasawa, anatumia vingine. Usiku halali vizuri, mchana anacheka. Juzi tukiwa tumetia nanga, chini ya boti kumejaa magamba na majani, boti nzito haiendi, nikavua nguo za kazi nishuke kukwangua. Mkono wangu umepona. Ufunguo niliuacha kwenye tundu lake, makusudi, na nikapita mbele ya Kitinda ili aone nimeuacha. Nilitaka ajue kwamba namwamini. Sikujua njia nyingine ya kumwambia.

Nilikuwa nimeshaweka mguu kwenye ngazi aliponiita.

"Dada. Ngoja."

Alikuja na ufunguo mkononi. Akaukunjua uzi wake, akaupitisha kichwani kwangu, akaniweka nywele vizuri kama nilivyokuwa nikimfanyia alipokuwa anakwenda shule.

"Siku ile ulikuwa umesimama hatua mbili kutoka kwangu," alisema. "Ulinisikia tangu moja."

"Nilikusikia."

"Ulikuwa unaingoja kumi."

Ningeweza kumwongopea. Mama angemwongopea.

"Ndiyo," nikasema. "Niliingoja."

"Na mimi niliitaka." Akaukaza uzi shingoni mwangu kwa vidole vyake, pamoja na kile kisichokunjika. "Kwa hiyo vaa. Usiniachie mimi ufunguo, wala mimi sitakuachia wewe."

Nikavaa, nikashuka.